Tiketi nne za Krismasi Moshi: tukate sasa au tusubiri?

BARUA

Wapendwa washauri,

Tunaishi Dallas, Texas, mimi, mume wangu na watoto wawili. Mkubwa ana miaka 9, mdogo atatimiza miaka 2 tarehe 27 Desemba. Mwaka huu tumepanga kwenda kula Krismasi Moshi kwa wazazi wa mume wangu, kisha tupumzike Zanzibar siku nne kabla ya kurudi. Shule inafungwa Ijumaa tarehe 18 Desemba na kufunguliwa Jumanne tarehe 5 Januari, kwa hiyo tunatafuta tiketi za kuondoka Jumamosi tarehe 19 na kurudi Jumapili tarehe 3.

Mwezi Machi nauli ya kwenda na kurudi hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwa kuunganisha ndege mara moja, ilikuwa dola 1,690 kwa kila mmoja. Katikati ya Aprili ilishuka hadi 1,610 kwa siku mbili, tukasema ngoja ishuke zaidi. Sasa ni mwisho wa Mei na naona 1,840. Mume wangu anasema tusubiri ofa za Black Friday, ile siku ya punguzo la bei mwezi Novemba, na kwamba bei nzuri hutoka Jumanne usiku. Rafiki yangu anasema kila tunavyotafuta kwenye simu ndivyo bei inavyopandishwa, tutumie dirisha la siri la kivinjari (incognito). Halafu kuna wakala mmoja anayeshauri tumtangulizie dola 250 kwa kila mtu, tumalizie Oktoba, naye atatushikia nauli ya leo isibadilike.

Pesa yenyewe tumeiweka akiba kwa mwaka mzima na haitoshi kubahatisha. Tukate sasa, tusubiri, au tumpe wakala?

Mama wa Wawili, Dallas

JIBU

Dada yetu, msisubiri Novemba, na wakala msimpe hata senti kwa utaratibu huo. Lakini pia msikate leo kabla ya kufanya kazi ya jioni moja tutakayokueleza hapa, kwa sababu kuna uwezekano mzuri kwamba 1,840 si bei halisi ya safari yenu.

Tuanze na hiyo 1,840. Viti vya daraja la kawaida ndani ya ndege moja haviuzwi kwa bei moja. Vimegawanywa katika makundi ya nauli, kila kundi lina herufi yake, bei yake na masharti yake, na kila kundi lina viti vichache vinavyoruhusiwa kuuzwa. Kundi la bei nafuu likijaa au likifungwa, mfumo unahamia la juu yake. Sasa sikiliza jambo ambalo familia nyingi hazilijui: ukitafuta viti vinne kwa pamoja, mfumo unatafuta kundi lenye nafasi nne. Kama kundi la 1,700 limebakiza viti vitatu, halitakuuzia hivyo vitatu halafu cha nne ulipie zaidi. Wote wanne mtahamishiwa kundi la juu.

Kwa hiyo leo jioni tafuta safari hiyohiyo, tarehe zilezile, kwa mtu mzima mmoja. Andika bei. Rudia kwa wawili, watatu, wanne. Bei ikiruka ulipoongeza mtu fulani, umeshajua kundi la nafuu limebakiza viti vingapi. Ikiwa wawili ni nafuu na wanne ni ghali, mnaweza kukata tiketi kwa mafungu mawili: baba na mkubwa, wewe na mdogo. Kamwe watoto wasibaki kwenye bukingi (nafasi mlizowekewa) isiyo na mtu mzima. Mkishalipa, pigia shirika simu na uombe bukingi hizo mbili ziandikiwe kwamba ni familia moja. Hasara ya njia hii ni kwamba ndege ikifutwa, mfumo unaweza kuwapanga fungu moja ndege ya usiku na jingine kesho yake. Yale maandishi ndiyo yanayomsaidia mhudumu kuwarudisha pamoja. Kama tofauti ni dola 20 kwa kichwa, usijisumbue. Ikifika 80 au 100, inastahili.

Pili, mdogo wenu. Akitimiza miaka 2 mkiwa safarini, wakati wa kurudi hahesabiki tena kuwa mtoto mchanga wa kupakatwa. Mtoto mchanga asiye na kiti kwa kawaida hulipiwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima pamoja na kodi, lakini siku ya kurudi atakuwa na miaka 2 kamili na lazima awe na kiti chake. Mashirika yanatofautiana: mengine yanakutoza nauli ya mtoto kwa kurudi tu, mengine kwa safari nzima. Tovuti nyingi za kutafuta nauli haziulizi tarehe ya kuzaliwa, zinauliza umri tu, na ukimweka kama mtoto mchanga utaona jumla ya kupendeza itakayovunjika baadaye. Mweke kama mtoto wa miaka 2 tangu mwanzo. Ushauri wetu ni mumlipie kiti kwenda na kurudi. Mkiunganishia Doha, Qatar, kutoka Dallas hadi hapo peke yake ni kama saa 15 angani, na mtoto wa umri huo hapakatiki saa 15.

Sasa tarehe, ambako ndiko pesa zenu nyingi zilipo. Jumamosi tarehe 19 Desemba na Jumapili tarehe 3 Januari ni siku ambazo kila familia yenye mtoto wa shule Marekani inazitaka. Na nyie hamgombei viti na Watanzania wa ughaibuni peke yao. Desemba na Januari ni wakati wa watalii wa Kilimanjaro, Serengeti na Zanzibar, nao wanashuka KIA hiyohiyo. Shirika likishajua ndege itajaa, halina sababu ya kuachia viti vya bei nafuu.

Fungua Google Flights, tovuti ya Google ya kutafuta nauli, weka Dallas (DFW) kwenda Kilimanjaro (JRO), watu wanne, kisha fungua jedwali la tarehe. Litakuonyesha tarehe za kwenda upande mmoja na za kurudi upande mwingine, na bei kila zinapokutana. Angalia Jumanne tarehe 15 na Jumatano tarehe 16 Desemba kwa kwenda, na Jumanne tarehe 5 hadi Alhamisi tarehe 7 Januari kwa kurudi. Mara nyingi kurudi ndiko kunakopandisha bei kuliko kwenda, kwa hiyo sogeza kwanza tarehe ya kurudi peke yake uone. Mkubwa wenu atakosa siku kadhaa za shule, na nyingi zaidi mkisogeza kwenda na kurudi. Zungumzeni na mwalimu mapema, kisha mlinganishe na kiasi mnachookoa. Ukisogeza tarehe na kupata dola 200 pungufu kwa kila mmoja, hizo ni 800, na hakuna kuvizia bei kutakakokupa kiasi hicho kwa uhakika.

Hapo ndipo ile habari ya Jumanne usiku ilipochanganywa. Siku unayosafiri ina uzito mkubwa. Siku unayolipa, karibu haina. Nauli siku hizi hubadilika mara nyingi ndani ya siku moja, wakati wowote makundi yanapofunguliwa au kufungwa. Dirisha la siri nalo tumia ukipenda, halina madhara, ila bei iliyopanda ukiwa unatafuta kwa kawaida ni kundi lililojaa, au ni bei ya zamani iliyokuwa imehifadhiwa kwenye tovuti ikasahihishwa ulipobonyeza.

Kwa kuwa mtamalizia Zanzibar, msikate tiketi ya kwenda na kurudi KIA. Hiyo ingewalazimu mrudi tena bara kufuata ndege. Chagua utafutaji wa miji mingi (multi-city): Dallas hadi Kilimanjaro, halafu Zanzibar hadi Dallas, zote kwenye tiketi moja. Qatar Airways, Turkish Airlines na Ethiopian zinashuka viwanja vyote viwili, kwa hiyo tiketi ya namna hii inapatikana bila kuchanganya mashirika. Mara nyingi bei yake haiachani sana na ya kwenda na kurudi kiwanja kimoja. Msikate tiketi mbili tofauti za kwenda tu. Kwa mashirika mengi ya masafa marefu, tiketi ya upande mmoja kutoka Marekani huwa ghali kupita nusu ya ile kamili. Na msije mkaacha kipande chochote cha safari kwa makusudi. Ukikosa kupanda kipande kimoja bila kulijulisha shirika, vilivyobaki vyote hufutwa, pamoja na kurudi.

Mtajaribiwa na bei ya kushukia Dar es Salaam au Nairobi. Tunaziheshimu njia zote mbili, ila fanyeni hesabu hadi mlangoni. Ukishukia Dar unahitaji ndege ya ndani kwenda KIA, na ikiwa ni tiketi ya pembeni, kuchelewa kwa ndege ya kwanza ni shida yako mwenyewe: ndege ya ndani ikikuacha hudai kitu. Mizigo nayo: tiketi nyingi kutoka Marekani zinaruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kwa kila mtu, lakini ndege ya ndani huenda ikaruhusu kilo 23 kwa jumla, na kilo za ziada zinalipiwa. Watu wanne wenye mabegi manane ya zawadi watalia pale kaunta. Basi la Dar hadi Moshi ni siku nzima barabarani, na wiki ya Krismasi mabasi hayo hujaa. Nairobi huwa na ushindani mkubwa wa mashirika na bei hushuka kweli, lakini mtapita mpaka wa Namanga kwa gari, na watoto wenye pasipoti ya Marekani watahitaji kibali cha kielektroniki cha kuingia Kenya kabla ya kusafiri. Kwa familia yenye mtoto wa miaka 2, tungekubali kulipa hadi dola 150 zaidi kwa kila mmoja ili mshukie KIA, kilomita kama 40 tu kutoka Moshi mjini.

Jambo jingine dogo linalojificha ndani ya tiketi za bei rahisi ni saa za kusubiri. Tanzania inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri aliyepita nchi yenye ugonjwa huo na kukaa kiwanjani zaidi ya saa 12, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja. Ethiopia na Kenya zimo kwenye orodha. Ukiona tiketi ya kupitia Addis Ababa ni nafuu kwa dola 90, fungua maelezo usome kusubiri ni saa ngapi. Saa 3 haina neno. Saa 14 inamaanisha chanjo nne kliniki, na kwa Marekani chanjo hiyo si ya bei rahisi. Ile 90 imekwisha hapo.

Baada ya kazi hiyo ya jioni moja utakuwa na bei halisi mkononi. Sasa ndipo mnapoamua lini.

Mashirika mengi hufungua mauzo kati ya siku 330 na 360 kabla ya safari. Kwa safari za kawaida, mapema sana hakuna faida, kwa kuwa bei za mwanzo huwa za kawaida tu na punguzo huja baadaye. Lakini safari ya katikati ya Desemba kwenda Afrika Mashariki si ya kawaida. Bei hucheza juu na chini kuanzia Februari hadi majira ya joto ya huko Marekani, kisha kuanzia Septemba mwelekeo ni juu. Ile 1,610 mliyoiona Aprili ilikuwa mojawapo ya mishuko hiyo. Imepita, msiifanye kipimo, maana anayesubiri bei aliyoikosa humaliza kwa kununua bei asiyoiweza.

Angalieni hatari zenu zisivyo sawa. Tuseme mkisubiri bei ishuke 150: mtaokoa dola 600 kwa wanne. Ikipanda 500, jambo la kawaida ikifika Oktoba kwa tarehe hizo, mtaongeza 2,000. Ili kusubiri kuwe na maana, uwezekano wa kushuka lazima uzidi wa kupanda zaidi ya mara tatu. Mwezi Juni hauzidi kiasi hicho, na Oktoba ndiyo kabisa. Msafiri mmoja asiye na mtoto wa shule anaweza kucheza mchezo huo kwa kuwa anahitaji kiti kimoja na anaweza kuondoka siku yoyote. Nyie mnahitaji vinne, wiki ileile, safari ileile.

Kwa hiyo wekeni vikomo viwili kwenye karatasi, mume wako naye akubali. Cha kwanza ni bei: kwa namba ulizotuandikia, 1,750 kwa kila mmoja, yaani 7,000 kwa wote, ni kikomo cha haki. Ikitokea jumla ya 7,000 au chini yake, baada ya kusogeza tarehe au kugawa mafungu, lipeni siku hiyohiyo msitazame nyuma. Cha pili ni tarehe: 15 Agosti. Ikifika kabla bei haijashuka, kateni kwa bei itakayokuwepo. Kati ya leo na siku hiyo, washa ufuatiliaji wa bei kwenye Google Flights kwa jozi mbili au tatu za tarehe, ukiwa umeweka watu wanne, na barua pepe itakuja bei ikibadilika. Usikeshe ukitafuta mwenyewe. Arifa ikija, hakikisha kwenye tovuti ya shirika lenyewe kwamba kiti kipo.

Kuhusu Black Friday, mwambie baba watoto asome maandishi madogo ya ofa hizo. Aghalabu ni za kusafiri kuanzia katikati ya Januari hadi Machi, na wiki za Krismasi zimetajwa wazi kuwa hazimo. Mwenye kutaka kwenda Moshi mwezi Februari anaweza kuzisubiri.

Siku ya kulipa, sheria ya Marekani iko upande wenu. Kwa tiketi inayokatwa siku 7 au zaidi kabla ya safari, moja kwa moja kwa shirika, shirika lazima likupe mojawapo ya mambo mawili: kughairi ndani ya saa 24 na kurudishiwa pesa zote, au kushikiliwa nauli saa 24 bila malipo. Tazama lipi shirika lako linatoa kabla ya kulipa. Inawafaa hivi: siku ambayo bei imefika kikomo na mume wako yuko kazini, usisubiri arudi. Kata, kisha usiku mkague majina herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa ya mdogo, saa za kusubiri, mabegi. Kosa likionekana, ghairi. Sheria hiyo inalibana shirika la ndege. Mawakala na tovuti za kati wana masharti yao wenyewe, ndiyo sababu tunapendelea mlipe kwa shirika hata ikiwa ni dola 15 zaidi. Tumieni kadi ya mkopo, ambayo inakupa haki ya kupinga malipo huduma isipotolewa.

Na hapo tunarudi kwa wakala wenu. Bukingi na tiketi ni vitu viwili. Wakala anaweza kukuwekea nafasi kwenye mfumo, ukapata karatasi nzuri yenye majina yenu, namba za ndege na herufi sita za bukingi, bila tiketi yoyote kuwa imetolewa. Bukingi hiyo ina muda. Isipolipiwa inafutwa yenyewe, na nauli haina dhamana hadi tiketi itoke. Kwa familia ya watu wanne, mashirika kwa kawaida hayamruhusu wakala kushika nauli ya Mei hadi Oktoba kwa amana ya dola 250. Ama atakuwa anakamua pesa zenu akisubiri bei ishuke, ama Oktoba atawaambia nauli imepanda, ongezeni. Mawakala wazuri wapo, na kwa safari ngumu wanasaidia sana. Wa kweli atakupa siku ileile uliyolipa namba ya tiketi yenye tarakimu 13 kwa kila msafiri, na mtoto ana yake. Tarakimu tatu za mwanzo ni za shirika: 157 ni Qatar Airways, 071 Ethiopian, 235 Turkish, 074 KLM. Ingia kwenye tovuti ya shirika, weka herufi sita na jina la ukoo, uone kama tiketi imetolewa. Kama hakuna tarakimu 13, hujanunua chochote.

Mkishakata, fungua bukingi hiyo mara moja kila mwezi. Ratiba za Desemba hurekebishwa, na saa mbili za kuunganisha zinaweza kugeuka dakika 50 bila mtu kukupigia simu. Ukiona hivyo, piga simu uombe ndege nyingine bila malipo, wala usibonyeze kitufe cha kukubali kabla ya kuzungumza nao. Ratiba ikisogezwa kwa saa 6 au zaidi kwenye safari ya kimataifa na mkaamua kutosafiri nayo, kanuni za Wizara ya Uchukuzi ya Marekani zinawapa haki ya kurudishiwa pesa zote, si vocha. Na pasipoti ya mdogo shughulikieni sasa, kabla ya tiketi: kwa mtoto wa chini ya miaka 16 wazazi wote wawili wanatakiwa kufika pamoja, na mmoja akishindwa lazima atoe idhini ya maandishi iliyothibitishwa.